Kibanio cha Ishirini na Moja

Shuka haikunjwi na mtu mmoja. Mama Foronya alifundishwa hivyo siku yake ya kwanza kwenye dobi ya hospitali kuu, na mpaka uzeeni hakuona sababu ya kubishana na somo hilo. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule. Mnaivuta, mnaitikisa ipige kofi moja, mnaikunja kwa urefu, kisha mnatembea mpaka mnakutana kifua kwa kifua, kama watu wanaotaka kuambiana siri. Mmoja anatoa pembe, mwingine anapokea, na aliyetoa anainama kuokota mkunjo wa chini. Mara mia tatu kwa siku. Siku za maradhi mengi, hata mia tano.

Mwenzake wa shuka alikuwa Kijiti. Wengine walibadilishana, leo huyu kesho yule, lakini wao wawili walishikana miaka kumi na tisa bila kuachana, mpaka wakawa wanakunja huku wanasengenya na hakuna anayetazama mikono yake. Kijiti aliitwa hivyo kwa wembamba. Watu walisema upepo ukivuma sharti ajibane kambani pamoja na nguo. Mwenyewe alikuwa akijibu, "Chekeni tu. Kijiti ndicho kinachowachokonoa meno mkishashiba."

Dobi ile waliiacha zamani, kila mmoja kwa njia yake. Lakini Alhamisi mchana Kijiti hakukosa. Alikuja nyumbani kwa Mama Foronya, akavua viatu mlangoni, akanywa chai, kisha wakakunja nguo za wiki. Nguo zenyewe zilikuwa chache, shuka nne na mapazia, lakini walizikunja polepole, kama mtu anayekula kidogo kidogo ili chakula kisiishe.

Basi Alhamisi hiyo ninayoisimulia, Kijiti alimkuta mjukuu wa Mama Foronya mezani, kompyuta mbele yake, uso umemkunjamana.

"Mke mwenzangu," Kijiti akamwita, "ndoa imekushinda au ni hilo dude?"

"Ni hili dude, Bibi Kijiti. Shikamoo."

"Marahaba. Wale watu wetu wa barafu hawajafa tu?"

Kazi ya mjukuu huyu ilikuwa kuifanya michezo ya kompyuta iseme Kiswahili, na mchezo aliokuwa nao mwezi ule ulikuwa wa kujenga mji. Si mji wa raha. Dunia yote imeganda, barafu kila upande, na watu waliosalia wamelizunguka tanuri moja kubwa kama vifaranga chini ya kuku. Mchezaji ndiye mkubwa wa mji. Anagawa makaa, anajenga nyumba, anaamua nani afanye kazi wapi. Lakini haamui peke yake. Lipo baraza la wajumbe mia, na wajumbe wamegawanyika vyama. Chama kimoja kinataka mitambo ya kujiendesha ichimbe makaa na kuzoa theluji, watu wapumzike. Kingine kinasema mji ni mikono ya watu, na mtu asiye na kazi ni wa kwanza kusahauliwa moto ukipungua.

Mjukuu alikosa majina mazuri ya vyama hivyo, akawauliza wazee. Mama Foronya ndiye aliyesema "Magurudumu" kwa wale wa mitambo. Kijiti akasema, "Na hawa wengine waite Viganja," akakinyoosha cha kwake, chenye ngozi ngumu kama soli. Tangu hapo Kijiti akawa Kiganja wa damu. Kila Alhamisi aliuliza habari zao kama anayeuliza ndugu zake.

"Hawajafa," mjukuu akasema, "ila wamebanwa. Wiki ya tisini hii. Makaa yanaisha. Magurudumu wameleta sheria barazani, mitambo iingie migodini, watu watolewe. Na mimi Viganja nimewaahidi kwamba nitaikataa."

"Umewaahidi?"

"Kwa maandishi. Mchezo unaweka muhuri kabisa."

"Basi umekwisha kusema," Kijiti akaamua, akaketi. "Ahadi ni deni. Wachimbe kwa mikono, watatoka tu. Sisi tumefua hospitali nzima mvua ya siku arobaini, tukakausha kwa pasi."

"Ndivyo nitakavyofanya. Nataka nifike wiki ya mia na ahadi yangu mkononi, maana maneno niliyoyatafsiri ya mwisho wa njia hiyo bado sijayasoma yakikaa kwenye kioo cha kompyuta. Kesho asubuhi nayapeleka kwa wenye mchezo. Na mchezo huu una roho ngumu, ukishabonyeza umebonyeza. Hakuna kurudi nyuma."

Mama Foronya alikuwa jikoni akimimina chai, akiyasikia yote. Akamimina mpaka ikafurika kwenye kisahani.

*

Alipoleta chai, akaleta na habari. Aliitoa kwa sauti ya kawaida mno, kama mtu anayepita mbele ya mbwa akijifanya hamwogopi.

"Binti yake Tarumbeta kapiga simu asubuhi."

Kijiti akatia sukari. Akakoroga.

"Anasema mama yake hanyanyuki tena. Anataka kuwaona watu wa dobi."

"Si waende."

"Waliobaki ni mimi na wewe, shoga."

"Basi nenda wewe. Mimi sina mgonjwa huko." Akaonja chai, akaongeza sukari. "Kikulacho ki nguoni mwako, mke mwenzangu," akamwambia mjukuu. "Sikiliza nikupe kisa, nawe ukitie kwenye huo mchezo wako."

Mama Foronya alikijua kisa hicho. Alikuwa amekisikia kikisimuliwa misibani, harusini, na kwenye foleni ya maji. Kila mara alikaa kimya kando ya msimulizi, akiitikia kwa kichwa pale panapotakiwa kuitikiwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka ishirini na sita nyuma, hospitali ilitaka kuleta mashine ya kukunja shuka. Wafanyakazi wa dobi walikuwa arobaini na mmoja. Mkubwa wa hospitali, ili asionekane katili, akasema watu wapige kura wenyewe, maana mashine ikija itakula kazi za watu kumi na tatu lakini waliobaki watafanya kazi nyepesi. Dobi ikapasuka kati. Wa pasi na wa mapipa ya kuchemshia, ambao mashine haikuwagusa, waliitaka. Wakunjaji hawakuitaka. Wakunjaji na watu wao wakajihesabu, wakajikuta ishirini na mmoja. Wameshinda kwa mtu mmoja. Ili asiteleze yeyote, walitandaza shuka kubwa kuliko zote, ya kitanda cha wodi ya wazazi, wakaizunguka, kila mmoja akashika upindo wake kwa mkono wa kulia, wakaapa. Watu ishirini na mmoja, mikono ishirini na moja kwenye upindo mmoja.

Kura ilipigwa kwa vibanio vya nguo. Kila mtu alipewa kimoja, akaingia nyuma ya pazia peke yake, akakitia kwenye kapu la kushoto, la mashine, au la kulia, la wakunjaji. Walipohesabu, kapu la wakunjaji lilikuwa na ishirini. La mashine lilikuwa na ishirini na moja.

"Mmoja wetu," Kijiti akasema, "aliushika ule upindo, akatuangalia usoni, akaenda akatuuza. Na tulimjua siku ileile. Tarumbeta alionekana juzi yake akitoka ofisini kwa msimamizi, anajifuta uso. Ofisini! Mkunjaji ana shughuli gani ofisini?"

"Mwenyewe alisemaje?" mjukuu akauliza.

"Eti alikwenda kuomba ruhusa, mtoto anaumwa. Alikana mpaka sauti ikamkauka, na sauti yake ile, akikohoa jirani anafungua mlango. Nani amsadiki? Mimi nikawa katika wale kumi na tatu. Nikaenda kufua majumbani mwa watu, kwa sabuni ya kipande, mpaka vidole vikapasuka. Binti yangu wa kwanza akaacha shule anibebee ndoo. Lakini huyu bibi yako," akamgusa Mama Foronya gotini, "hakuniacha. Leo sukari, kesho sare za watoto. Wewe mwenzangu Mungu akuweke. Rafiki wa kweli humjui mpaka uumbuke."

Mama Foronya akaitikia kwa kichwa.

Alichokuwa hakisemi ni kifupi. Msimamizi alimwita yeye pia, nyuma ya chumba cha kukaushia, si ofisini. Akamwambia mashine itataka mwendeshaji mmoja, na mkono wake Mama Foronya ni mwepesi. Nyumbani mumewe alikuwa hatoki kitandani mwaka wa pili. Sababu alikuwa nayo, lakini nani kati ya wale ishirini na mmoja hakuwa nayo? Aliushika upindo, aliapa, aliingia nyuma ya pazia, akasikia kibanio kikigonga vingine ndani ya kapu la kushoto. Tk. Kidogo hivyo.

Na si hilo lililomwamsha usingizini miaka yote hiyo. Jioni ile ya kura watu walisimama uani wanatazamana, na macho yalikuwa yanazunguka, yanamkaribia. Akafungua kinywa, akasema, "Mimi juzi nilimwona Tarumbeta anatoka ofisini." Basi. Hakusema uongo hata neno moja. Alimwona kweli. Alijua pia alikwenda kutafuta nini, maana Tarumbeta alikuwa amemwomba yeye amshikie zamu.

Tarumbeta hakufukuzwa. Lakini mablanketi bado yalikunjwa kwa mikono, na hakuna aliyekubali kushika upande wa pili wa blanketi lake. Mwaka mzima alikunja peke yake, katikati ya blanketi amelibana kwa kidevu, mikono imetanuka, shingo imepinda kama ya kuku anayekunywa maji. Mama Foronya alimwona kila siku kutoka kwenye kiti chake cha mashine, akibonyeza kitufe cha kijani. Kisha Tarumbeta akaacha kazi mwenyewe.

*

Mjukuu akatazama saa, akaruka. "Fundi wa miwani anafunga! Jamani, nusu saa tu. Mji nimeusimamisha. Tatizo kompyuta hii ikikaa bila kuguswa inazima, na nikianza upya napoteza wiki nzima. Kitikiseni tu hiki kipanya, kidogo kidogo. Msibonyeze."

"Mimi panya namjua wa kupigwa ufagio," Kijiti akasema, lakini alikwisha kusogeza kiti. "Nenda. Viganja wako watalindwa na Kiganja mwenzao."

Na kweli alilinda. Alikitikisa kipanya kama mtu anayebembeleza mtoto, akiimba kwa pua. Lakini chai ya mchana ina mambo yake, na Kijiti alikuwa ameamka alfajiri. Baada ya dakika kumi kidevu kilishuka kifuani. Mkono ukateleza, kidole kikagusa kitu, na mji ukaanza kutembea.

Mama Foronya alisikia mlio wa kengele. Akasogea, akainama juu ya bega la mwenzake. Madarasa yake manne yalimtosha kusoma, ila kwa kidole, herufi moja ikiifuata nyingine. *Ma-kaa ya-me-ba-ki ya si-ku m-bi-li. Ka-ta ya kas-ka-zi-ni: wa-to-to ku-mi na wa-wi-li wa-na-u-gua kwa ba-ri-di.* Pembeni kulikuwa na nyumba ndogo zenye madirisha ya njano, na moja baada ya jingine madirisha yalikuwa yanazimika.

Kisha likafunguka baraza. Duara la viti, nukta nyekundu upande huu, nukta za bluu upande ule. *Sheria ya Mitambo. Mkuu wa mji, kura yako ndiyo inayosubiriwa.* Chini, vitufe viwili. Chekundu: Kataa. Kijani: Kubali.

Angeweza kumwamsha Kijiti. Angeweza kuacha. Alijua kabisa kwamba hao ni watu wa kuchora, hawana mama, hawali. Lakini alisimama pale kama ameingia nyuma ya lile pazia mara ya pili. Na wazo lililomjia lilikuwa hili: *Nione tu. Nione mashine zikiingia, watoto wakapata moto, watu wakaenda zao kupumzika, na mwisho wake pawe na mtu wa kuniambia, ulifanya vyema.* Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, maana hakuna aliyejua kwamba alifanya.

Akanyoosha mkono juu ya mkono wa Kijiti aliyelala. Akakisogeza kipanya. Akabonyeza kijani.

Ilifanya tk.

Mara ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Madude makubwa ya chuma yalishuka migodini kwa miguu mirefu, makaa yakapanda, madirisha ya kaskazini yakawaka njano tena, yote. Mama Foronya akajikuta anatabasamu. Kisha kioo kikawa na rangi nyekundu pembeni, na mstari wa watu wadogo ukaanza kutoka migodini. Hawakwenda majumbani kupumzika. Walikwenda mpaka mbele ya baraza, wakaketi chini kwenye theluji, mamia kwa mamia, hawafanyi fujo. Maneno yakaandikwa juu yao, nayo hayakumchukua muda kusoma kwa sababu yalikuwa mawili tu. *Ulituahidi.*

Akarudi kitini kwake upande wa pili wa chumba. Akachukua foronya, akaanza kuikunja.

*

Mjukuu aliingia na miwani mipya usoni, akacheka, "Sasa nawaona mlivyozeeka!" Kisha akaona kioo, na kicheko kikaishia njiani.

"Hapana. Hapana, hapana. Nani amekubali sheria?"

Kijiti akashtuka, mkono bado uko mezani, vidole vinakigusa kipanya. Akatazama kioo. Akawaona watu wamekaa kwenye theluji.

"Wamefanyaje hawa?"

"Bibi Kijiti, ulilala?"

"Mimi? Nilifumba macho kidogo..." Akauangalia mkono wake. Ulikuwa unatetemeka, kama unavyotetemeka siku zote tangu afikishe miaka sabini. "Ni mimi? Ni mimi nimewafanya hivi?"

Mjukuu alitazama kioo. Wiki nzima ya kazi ilikuwa pale kwenye theluji. Lakini alikuwa amelelewa vizuri. "Si kitu, Bibi. Kidole kimeteleza tu. Nitawaomba siku zaidi. Si kitu kabisa."

Ule upole ulimpiga Mama Foronya kuliko matusi. Akafungua kinywa. Foronya ilikuwa mikononi, imekunjwa mara nne, haina pa kukunjika tena. Akakifunga kinywa.

Kijiti hakuondoa macho kwenye kioo. "Mimi," akasema taratibu. "Mimi niliyekuwa naapa kwa jina lao. Ona walivyokaa. Hakuna atakayewaambia kwamba mwanamke mzee alisinzia. Watasema tumeuzwa." Akavuta pumzi ndefu. "Shoga."

"Naam."

"Lile kapu la kushoto na la kulia. Nyuma ya pazia palikuwa na giza, unakumbuka?"

"Palikuwa na giza kidogo."

"Na Tarumbeta alikuwa na mtoto mgonjwa, hakulala siku ngapi sijui. Huenda hakukusudia. Huenda mkono uliteleza, naye akaona haya kusema." Machozi yalikuwa yanamshuka, hayafuti. "Miaka yote hii sikupata kufikiri hivyo. Nyanyuka, twende. Kabla jua halijazama twende tukamwone. Nitamwambia nimemsamehe, akapumzike. Chukua ile shuka yako mpya, nyeupe, tusimwendee mikono mitupu."

Mjukuu akamkumbatia mabega. "Hilo ni jema, Bibi Kijiti."

Na lilikuwa jema. Msomaji, hapo ndipo mambo yalipokuwa yamenyooka kuliko wakati wowote. Kijiti angetua mzigo, Tarumbeta angepata mgeni aliyemtamani, na Mama Foronya angebaki rafiki wa kweli mpaka kaburini. Kitu kimoja tu hakuombwa, kusema.

Alikwenda chumbani, akaitoa shuka sandukuni. Ilikuwa imekunjwa kidukani, mikunjo mikali ya karatasi. Kijiti akaikataa. "Mtu wa dobi haletewi kunjo la dukani, atatucheka. Ikunjue." Akashika pembe zake mbili, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Mama Foronya akashika zake. Wakaitikisa. Ikapiga kofi.

Wakakunja kwa urefu. Wakaanza kutembea, kila mmoja kwa mwenzake, na Mama Foronya akamwona Kijiti akija, macho mekundu, uso mwepesi kama wa mtu aliyeoga, anakwenda kumsamehe mgonjwa kosa ambalo mgonjwa hakulitenda. Akamwona Tarumbeta kitandani akilisikia neno hilo. *Nimekusamehe.* Mwanamke aliyekana mpaka sauti ikamkauka, ataagwa duniani kwa msamaha anaopewa mwizi.

Walikutana katikati. Kijiti akanyoosha pembe. Mama Foronya hakuzipokea.

"Haukuteleza."

"Nini?"

"Mkono wako. Ulikuwa umelala. Mimi ndiye niliyebonyeza, kwa kidole changu hiki. Nilisoma, nikaelewa, nikabonyeza. Mjukuu wangu, nisamehe, nimekuharibia kazi, nikakaa kimya na mwenzangu akabeba." Alikuwa anasema haraka sasa, kama anayevuka barabara. "Na wa Tarumbeta pia haukuteleza. Cha Tarumbeta kilikuwa kwenye kapu la kulia. Kibanio cha ishirini na moja kilikuwa changu."

 Kompyuta ilivuma mezani.

Kijiti alikuwa bado ameshika pembe mbele ya kifua. "Wewe ndiye uliyesema ulimwona ofisini."

"Ndiyo. Na nilijua alikwenda kuomba ruhusa. Aliniomba nimshikie zamu."

"Nilimnyima mkono kwenye msiba wa mumewe. Aliunyoosha, nikautazama, nikaurudisha wangu kwenye khanga. Ulikuwa umesimama kando yangu."

"Nilikuwepo."

"Ulinishika kiwiko."

"Nilikushika."

"Nilidhani unanipa nguvu." Kijiti akacheka, kicheko kikavu kisicho na mwenyewe. "Na ile sukari? Sare za watoto?"

Mama Foronya alitafuta jibu lisilokuwa uongo. "Nilikupenda, Kijiti. Hilo ni kweli. Lakini sukari... sukari ilikuwa ya kile kibanio."

"Na kwa nini unaniambia leo? Si ungeninyamazia tu, nife mjinga? Nilikuwa nakwenda kufurahi."

"Ulikuwa unakwenda kumsamehe."

 Kijiti akaziachia pembe. Hakuzitupa, alifungua vidole tu, na nusu ya shuka ikamwagika sakafuni kati yao. Akaenda mlangoni, akavaa kiatu kimoja, akashindwa kukiona cha pili kilipo kwa machozi. Mjukuu akainama akamvalisha.

"Nitakwenda," Kijiti akasema, mgongo ukiwa umegeukia chumba. "Nitakwenda kumwomba yeye anisamehe mimi. Na wewe utakuja. Utamwambia mwenyewe, kwa kinywa chako, kapu, kibanio, ofisi, yote. Mimi nitakaa pale nasikiliza. Ukiruka neno nitalirudisha."

"Nitakuja."

"Na hiyo shuka ikunje. Mgonjwa hapelekewi tambara."

Mjukuu alitaka kusogea kumshikia bibi yake upande wa pili. Kijiti, bila kugeuka, akasema, "Mwache." Mjukuu akasimama palepale.

Basi Mama Foronya akaiokota. Akaitafuta katikati yake, akaipandisha, akaibana kwa kidevu, akatanua mikono. Shingo iliuma mara moja. Upande mmoja ukamponyoka, akaanza upya. Upande wa pili ukaburura vumbi, akaanza upya tena. Kijiti alisubiri mlangoni, hamtazami, haondoki. Mara ya tatu ikakubali, lakini ilitoka imepinda, pembe moja imechungulia nje kama ulimi, na katikati, palipokaa kidevu, pana unyevu mdogo wa duara.

Akaiweka kwapani, akavaa viatu, akatoka nyuma ya mwenzake.

 Njia nzima Mama Foronya alikuwa anaifikiria ile shuka. Hatahitaji kutafuta pa kuanzia. Ataiweka tu juu ya kitanda, na Tarumbeta atainyoosha kwa kiganja, atauona ule mpindo. Kati ya watu wote duniani, yeye ndiye anayelijua kunjo la mtu aliyenyimwa mwenzake.